Picha ya profaili siku ya mechi

Wenzangu mashabiki wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, WhatsApp hukata picha ya profaili iwe duara. Ukipiga umenyoosha skafu ya "UGANDA" kwa mikono miwili pale uwanjani Namboole, linabaki "GAND" tu, herufi za pembeni zimeliwa. Mimi nilitembea na "GAND" yangu wiki nzima, mpaka binamu akanicheka. Iache skafu shingoni, au mpigaji arudi nyuma hatua mbili, uso na korongo wa kwenye jezi vikae katikati. Tiketi ifiche: msimbo wake ukinakiliwa, mtu anaweza kuingia kabla yako.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye faragha ya Status unaweza kuwaficha watu unaowachagua. Mie nimewaweka humo mashabiki wote wa Manchester United. Arsenal ikifungwa, naomboleza na wenzangu tu, na baada ya saa 24 kilio kimefutika. Ikishinda nawatoa kifungoni kwanza, ndipo naposti, maana mabadiliko hayagusi uliyokwisha kuweka. Halafu natulia kibandani na rolex yangu ya moto, ile chapati ya kukunjwa na mayai, nikihesabu nani kachungulia kimyakimya.