Namna ya Kumwajiri Nyota wa Zamani Kuwa Meneja Mkuu wa Klabu

Klabu nyingi za Malindi, ziwe za soka au za mchezo wa magongo, hufika wakati ambapo kamati hushawishika kumkabidhi mchezaji wake mashuhuri wa zamani uongozi wa shughuli zote. Sababu za kumtaka ni za kweli: wafadhili watampokea, vijana wa Shela na Barani watamsikiliza, na mashabiki watarudi uwanjani. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya faida hizo iliyo kazi ya meneja mkuu. Kwa hiyo, kabla hajaendewa mtu yeyote, kamati na iiandike kazi yenyewe: kupanga bajeti, kujadiliana mikataba, kuamua nani asajiliwe na nani aachwe, kumwajiri kocha na, ikibidi, kumwondoa. Katika mji wetu huongezeka jambo jingine, nalo ni kwamba fedha za wafadhili wa hoteli hupungua watalii wanapoondoka na mvua za masika kuanza, ilhali nauli za kwenda Mombasa na Nairobi hazipungui; anayeitaka kazi hii hana budi kuipangia miezi hiyo tangu Desemba.

Andiko hilo likishakubaliwa, jambo la kuchunguzwa kuliko yote ni miaka iliyopita tangu nyota huyo alipostaafu hadi leo. Ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, inayochezwa kwa magongo juu ya barafu, imewapa nyota wengi cheo hiki. Steve Yzerman alikuwa nahodha wa Detroit Red Wings tangu 1986 hadi alipostaafu mwaka 2006, lakini hakukabidhiwa timu papo hapo. Alikaa miaka minne akiwa makamu wa rais wa klabu hiyo, akijifunza kwa meneja mkuu Ken Holland, ndipo Tampa Bay Lightning ikamchukua mwaka 2010. Wengi wa wachezaji alioacha huko ndio waliotwaa Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mwaka 2020 na 2021, yeye akiwa ameshaondoka. Phil Esposito, mfungaji hodari wa enzi zake, alipewa New York Rangers mwaka 1986 akitoka kutangaza mechi. Alibadilishana wachezaji bila kutulia, akatoa hata nafasi ya raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi ili ampate kocha, kisha akamfukuza kocha huyo huyo, na mwaka 1989 naye akaachishwa kazi.

Kwetu hakuna klabu iwezayo kumlipia mtu uanagenzi wa miaka minne, ila upo wa gharama ndogo: msimu mmoja akiwa naibu katibu, au akiisimamia timu ya vijana pamoja na hesabu zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumewasifu wachezaji wetu kwa miaka mingi. Anayeiona hatua hiyo kuwa ya kumshusha hadhi asipewe kubwa zaidi.

Katika mahojiano, msimpe nafasi ya kusimulia mabao yake. Mpeni hesabu za msimu uliopita, mwambieni fedha za msimu ujao zimepungua kwa nusu, kisha mpeni wiki moja alete kikosi na bajeti kwa maandishi. Muulizeni pia ni yupi kati ya wenzake wa zamani ambaye asingemwajiri, na kwa nini. Swali hili naliona zito kuliko yote, kwa kuwa katika mji ambamo kila mtu ni jamaa au jirani wa mwenzake, meneja asiyeweza kumkatalia rafiki ataijaza klabu marafiki.

Urafiki huo ulizua shida hata kule NHL. Mwaka 2013 Colorado Avalanche iliwapa madaraka Joe Sakic na Patrick Roy, waliotwaa pamoja Kombe la Stanley mwaka 1996 na 2001 wakiwa wachezaji wake. Sakic akaongoza shughuli za timu, Roy akawa kocha mwenye sauti pia katika usajili. Agosti 2016 Roy alijiuzulu akieleza kwamba hakuwa na nafasi ya kutosha katika maamuzi. Msimu uliofuata timu ilipata pointi 48 katika mechi 82 na kushika mkia, lakini wenye klabu hawakumfukuza Sakic, na mwaka 2022 alitwaa kombe akiwa na Jared Bednar, kocha ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL. Basi mkataba na utaje waziwazi nani ana neno la mwisho katika usajili, nao uwe wa misimu isiyopungua mitatu, wenye tathmini kila mwisho wa msimu.

Hakikisheni pia kwamba klabu imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na kwamba katiba yenu inairuhusu kamati kukasimu madaraka hayo. Mwisho, wekeni kifungu cha kuachana: notisi ya muda gani, malipo kiasi gani, na mzozo utapelekwa wapi. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo huweza kusikiliza mizozo ambayo pande zote zimeridhia kuipeleka mbele yake, na ridhaa hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi siku ya kutia saini kuliko siku ya ugomvi.