Namna ya Kutembea Kando ya Mto Sabaki Hadi Baharini

Mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukapita Tsavo ukiitwa Galana, humwagika katika Bahari Hindi kilomita chache kaskazini ya Malindi ukiwa umeshakuwa Sabaki. Kipande chake cha mwisho, kuanzia daraja la barabara ya Mambrui hadi baharini, hutembeleka kwa asubuhi moja, na ndani ya asubuhi hiyo utapita mashamba, vinamasi, mikoko na mafungu ya mchanga. Ratiba ya matembezi haya hupangwa na kupwa na kujaa kwa maji, kwa hiyo anzia hapo maandalizi yako.

Katika pwani hii bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba siku mbili kabla ya bamvua maji hupwa baina ya saa mbili na saa tatu, jua likiwa bado halijakolea, na hizo ndizo siku ninazozipendekeza. Ondoka darajani saa kumi na mbili na nusu, ufike mlangoni, mto unapoingia baharini, maji yamekupwa, halafu ukae uyatazame yakianza kujaa, kwa sababu maji yanayojaa huwafukuza ndege kutoka matope ya mbali na kuwaleta karibu na mchanga mkavu. Hakikisha saa hizo kwa jedwali la maji la bandari ya Mombasa, au kwa mvuvi wa hapo, ambaye hesabu hii anayo kichwani.

Ukitokea Malindi, vuka daraja kwanza, kisha ushike njia ya mkono wa kulia. Mwombe kijana wa kijijini akuongoze na umlipe vizuri, maana mto huu una mamba na viboko, na yeye ndiye ajuaye walionekana wapi jana. Usianze safari kungali na giza, kwani kiboko hutoka usiku kula majani, na hatari kubwa ni kumkuta nchi kavu nawe umesimama kati yake na maji. Usinawe miguu mtoni hata ukiwa na matope hadi magotini.

Sehemu ya mashamba haikawizi mtu. Kwenye mikoko, simama. Mti utakaouona kwa wingi ni mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama vidole vilivyonyooshwa ili ipate hewa, na katikati yake kaa wadogo wenye gando moja kubwa huingia mashimoni kivuli chako kikiwafikia. Ramba jani moja la mchu: utaonja chumvi, kwa kuwa mti huu huitoa chumvi ya maji ya bahari kupitia majani yake.

Mlangoni, rangi ya maji itakueleza mvua za bara zilivyokuwa, kwani mto ukifurika hushuka na udongo mwingi na kuigeuza bahari kuwa nyekundu hadi mbele ya Malindi. Kuanzia Septemba hadi Aprili utawakuta ndege wa ufukweni waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na miezi ya kusi, upepo utokao kusini, huja pratinkoli wa Madagaska, wa rangi ya kahawia na mbawa ndefu kama za mbayuwayu, ambao hutaga huko Bukini, yaani Madagaska, kisha huvuka bahari na kutua hapa kwa maelfu. Nakuomba sana usiwakaribie kwa ajili ya picha. Kundi likiinua vichwa vyote kwa pamoja, umeshasogea mno. Rudi nyuma polepole. Chukua darubini, nao utawaona vizuri wakiwa wamepumzika.

Safari yangu ya kwanza nilikaa pale nikasahau mkondo mdogo niliouvuka kwa hatua mbili wakati wa kwenda, na niliporejea ulikuwa umenifika kiunoni. Weka kijiti penye ukingo wa maji mara tu ufikapo, na kikizungukwa na maji, shika njia ya kurudi.