Rufaa ya mzio Uingereza: lini GP akupeleke kwa bingwa, na wewe umweleze nini

Nairobi au Dar es Salaam, mwenye pesa mkononi anaweza kuamka asubuhi, akaenda moja kwa moja kwa daktari bingwa, na mchana akarudi nyumbani na majibu. Uingereza mambo hayaendi hivyo. Ukitaka kuonwa na bingwa wa mzio kupitia NHS, huduma ya afya ya umma, bila kulipa kliniki binafsi, daktari wako wa familia, yaani GP, ndiye anayekuandikia rufaa, na muda anaokupa kukusikiliza ni kama dakika 10.

Shida ninayoiona kwa watu wetu si kwamba madaktari wanagoma kuandika rufaa. Tunaingia chumbani, tunasema "nina aleji ya samaki" au "ile dawa ilinikataa", kisha tunanyamaza kwa heshima tukisubiri daktari aulize. Siku hiyo mwilini hakuna kipele hata kimoja. Daktari anaandika setirizini, kidonge cha kutuliza mzio, mnaagana. Ugonjwa wa mzio unatambuliwa kwanza kwa maelezo ya mgonjwa. Vipimo vinafuata kuthibitisha au kukanusha. Maelezo yakiwa hafifu, barua ya rufaa itakuwa hafifu, na hospitali ina haki ya kuirudisha.

Kama bado hujajisajili kwa GP, anza hapo. Kwa England huhitaji kuonyesha hati za uhamiaji wala uthibitisho wa anwani ili usajiliwe, hata kama mtu wa mapokezi anadhani unahitaji. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako na ni bure. Omba wakati unapochukua miadi. Tafadhali usimtumie mwanao wa miaka tisa kukutafsiria habari za kifua chako. Kumwona GP hakulipiwi, ila matibabu ya hospitali yanaweza kutozwa kwa mtu aliyekuja matembezi. Waliolipa ada ya afya pamoja na viza wanahudumiwa kama wakazi.

Lini rufaa inastahili

La kwanza halina mjadala. Mtu aliyepata anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima, anastahili rufaa hata kama amepona kabisa. Koo hubana, sauti hukauka, ulimi huvimba, kifua hupiga filimbi, mtu huona kizunguzungu au huzirai, mara nyingi pamoja na mabaka yanayowasha na kutapika. Huja kwa kasi, kwa kawaida ndani ya dakika chache baada ya kula kitu, kumeza dawa au kuumwa na mdudu. Hapo sindano ya adrenalini hupigwa pajani upande wa nje, hata juu ya suruali, halafu unapiga 999, simu ya dharura. Mgonjwa alazwe chali, miguu juu, wala asisimamishwe. Anayehangaika kupumua anaweza kukaa kitako. Kama hajapata nafuu baada ya dakika 5, sindano ya pili.

NICE, taasisi inayoweka miongozo ya matibabu England, ilieleza tangu 2011 kwamba mgonjwa wa aina hii asiondoke hospitali mikono mitupu. Apewe rufaa ya kliniki ya mzio, apewe sindano za adrenalini za kubeba wakati anasubiri miadi, na afundishwe namna ya kuzitumia. Kwa mtu wa miaka 16 na zaidi, damu ichukuliwe kupima triptesi, kemikali inayopanda damuni wakati wa shambulio: mara ya kwanza mapema iwezekanavyo baada ya huduma ya dharura, mara ya pili ikiwezekana ndani ya saa moja hadi mbili, isizidi saa nne tangu dalili zianze. Kipimo hicho hakingoji wiki ijayo, na bingwa atakitafuta kwenye faili. Kwa hiyo ukiwa umekaa kando ya kitanda cha ndugu yako kitengo cha dharura, uliza wazi: "Mmechukua damu ya triptesi? Rufaa ya mzio mnaiandika nyinyi au GP?" Mara nyingi kila upande hudhani mwenzake ameshaandika, na mgonjwa anakaa miezi akingoja barua ambayo haikutumwa.

Kwa dawa, hali ni ya aina tatu, na tuzitenganishe vizuri. Kuna waliotoka malengelenge na ngozi kubanduka, midomo na macho kuchubuka, siku kadhaa baada ya kumeza dawa za salfa kama Septrin au Fansidar. Hao wanastahili bingwa, na dawa hiyo wasiionje tena maishani. Kuna waliowashwa mwili mzima na klorokwini enzi zile ilipokuwa dawa ya malaria. Kuwashwa huko kulikuwa kwa kawaida sana kwa Waafrika na kwa wengi hakukuwa mzio, hivyo eleza kilichotokea badala ya kusema tu una mzio wa dawa za malaria. Halafu kuna kundi kubwa zaidi, la penisilini. Wengi wetu tumeandikwa "mzio wa penisilini" kwa sababu mama alisimulia kwamba utotoni tulitoka vipele baada ya sindano ya kristapeni. Wakipimwa ipasavyo, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wenye maandishi hayo wanaonekana wanaweza kuitumia dawa bila tatizo. Maandishi hayo yana gharama: kila ukiugua unapewa antibayotiki nyingine, wakati mwingine isiyofaa sana kwa ugonjwa wako. NICE haisemi kila mtu apelekwe. Inataka rufaa kwa anayehitaji dawa za jamii hiyo mara kwa mara, kwa mwenye ugonjwa usiotibika bila hizo, na kwa aliyepata shambulio kali. Ukiwa unasubiri upasuaji au una ugonjwa unaokuletea maambukizi kila mara, litaje hilo.

Aliyedungwa na nyuki au nyigu akazirai au akashindwa kupumua naye apelekwe, maana kuna tiba ya kuuzoesha mwili sumu hiyo, kwa kawaida miaka mitatu ya sindano, na inafanya kazi vizuri sana. Mkono uliovimba tu hauhitaji bingwa.

Watoto na chakula ndipo ningependa wazazi wasome polepole. GP anatakiwa kufikiria rufaa iwapo mtoto amewahi kupata shambulio la mwili mzima. Iwapo ana mzio wa chakula uliothibitishwa na pia ana pumu. Iwapo ukurutu wake ni mkali na vyakula kadhaa vinashukiwa. Iwapo hakui vizuri na tumbo linamsumbua. Au iwapo ameondolewa chakula kimoja na bado hali haijabadilika. Katika orodha hiyohiyo kuna kipengele ambacho sijasikia kikitajwa kwenye vikao vyetu: wasiwasi wa mzazi unaoendelea, hata pale historia haimshawishi daktari. Maana yake, mama au baba anayesema kwa utulivu, "Bado nina hofu, na ningependa bingwa amwone", amesema jambo ambalo mwongozo wenyewe unalitambua. Hakuna utovu wa adabu hapo.

Wapi rufaa inakwenda kwingine

Si kila kinachowasha ni cha kliniki ya mzio. Mikono inayopasuka kwa glavu na sabuni, jambo la kila siku kwa ndugu zetu wanaotunza wazee, au kichwa kinachovimba baada ya kupaka rangi ya nywele, ni kazi ya bingwa wa ngozi. Yeye hubandika viraka mgongoni, huvitoa baada ya saa 48, na huangalia tena baada ya siku mbili hivi. Dada zangu wa Mombasa, Lamu na Zanzibar, mkifika hapo itajeni piko. Piko nyeusi mara nyingi huwa na kemikali ileile ya rangi ya nywele, PPD, na mkono uliotoka malengelenge harusini ndio unaoeleza kwa nini saluni ya Birmingham imekuunguza kichwa miaka kumi baadaye. Hina safi, ile inayoacha rangi nyekundu, ni nadra kuleta shida hiyo.

Tumbo linalojaa gesi baada ya maziwa, bila mabaka wala uvimbe, kwa watu wazima wa kwetu mara nyingi ni kushindwa kusaga lakitosi, yaani sukari ya maziwa. Hiyo GP na mtaalamu wa lishe wanaimudu. Mabaka yanayokuja na kuondoka kila siku kwa zaidi ya wiki sita kwa kawaida hayatokani na chakula. Anza na setirizini kama GP atakavyopanga, naye anaweza kupandisha dozi, na rufaa ifuate iwapo haikusaidia. Mafua ya chavua, yaani unga wa maua unaopeperuka hewani, yanayowashtukiza wengi miaka michache baada ya kuhamia huku, yaanze kwa mfamasia: vidonge na dawa ya kupuliza puani. Yakishindikana, na Juni yako inapita bila usingizi, omba rufaa, kwa kuwa kuna vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa miaka mitatu vinavyopunguza mzio wenyewe. Midomo ikikuwasha ukila tufaha bichi lakini si lililopikwa, mwambie daktari. Mara nyingi ni mzio wa chavua za miti, ambazo protini zake zinafanana na za tufaha hilo.

Useme nini

Tuchukue mama mmoja Leicester, mwanawe ana miaka mitatu. Anaweza kusema, "Mwanangu ana aleji ya karanga." Au anaweza kusoma alichoandika kwenye simu:

"Jumamosi alikula kipande cha kashata ya karanga, kidogo kama ncha ya kidole. Baada ya dakika kumi alianza kujikuna mdomo, midomo ikavimba, mabaka yakatoka shingoni na tumboni. Alitapika mara mbili. Hakukohoa wala hakupumua kwa shida. Nilimpa Piriton, baada ya saa tatu yalikuwa yameisha. Hajala karanga tena. Korosho na ufuta hajawahi kula. Ana ukurutu tangu akiwa na miezi minne, na usiku hukohoa akiwa hana hata homa."

Maelezo hayo yanasomwa kwa chini ya dakika moja, na daktari ameshapata alichohitaji: chakula gani, kiasi gani, muda uliopita, viungo gani vilihusika, kipi hakikutokea, na vyakula gani bado ni kitendawili. Sentensi ya mwisho inaweza kuwa na uzito kuliko zote, kwa kuwa kikohozi cha usiku kinaweza kuwa pumu, na pumu pamoja na mzio wa chakula ndiyo hatari. Andika hivyo, kwa Kiswahili kwanza kama ni rahisi kwako, kisha mwachie daktari nakala.

Beba picha. Hili ni muhimu zaidi kwa ngozi yetu. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu baka linaweza kuwa na rangi ya ngozi yenyewe, au zambarau, kijivu, au kahawia iliyokoza. Piga picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni ili uvimbe uonekane umeinuka. Na daktari akiuliza kama palikuwa pekundu, usijibu "hapana" ukaishia hapo. Sema palivimba, palikuwa na joto ukipagusa, paliwasha.

Siku ya kipimo

Kwenye kipimo cha ngozi, muuguzi huweka matone mkononi na kuchoma kidogo kila tone. Baada ya dakika 15 hadi 20 hupima kivimbe; kikizidi kile cha tone la maji ya chumvi lililowekwa kwa kulinganisha kwa milimita 3 au zaidi, kinahesabiwa. Kwa ngozi nyeusi kivimbe hupimwa pia kwa kupapasa na kidole, na una haki ya kuomba kifanywe hivyo. Usipake losheni mikononi siku hiyo. Dawa za mzio, ikiwemo Piriton na baadhi ya dawa za mafua, husimamishwa siku kadhaa kabla, kama barua ya miadi itakavyoeleza. Dawa za usingizi au msongo usiziache bila kuuliza. Kipimo kikionyesha kitu ambacho unakila kila wiki bila shida, usikiache kwa hofu, muulize bingwa.

Vipimo vya nywele, na vile vya damu vya IgG (aina ya kingamwili) vinavyouzwa mtandaoni kwa orodha ndefu ya vyakula, havitambui mzio. Hela hiyo mtumie bibi nyumbani.

Daktari akikataa

Muulize sababu, na uombe iandikwe kwenye faili lako. Kisha muulize kama anaweza kumwandikia bingwa kuomba ushauri. Utaratibu huo upo, na jibu lake wakati mwingine linakuwa rufaa yenyewe. Unaweza pia kumwona GP mwingine wa kituo hichohicho. Mabingwa wa mzio Uingereza ni wachache, na ingawa lengo la NHS England ni wiki 18, foleni nyingi ni ndefu kuliko hapo. Una haki ya kuchagua hospitali: linganisha muda wa kusubiri wa iliyo karibu na wa kliniki kubwa kama Guy's ya London au Addenbrooke's ya Cambridge. Wakati unasubiri, kama uliwahi kupata anafilaksia, GP anaweza kukuandikia adrenalini bila kungoja bingwa.

Walioko Kanada nao wanapitia kwa daktari wa familia. Marekani inategemea bima: nyingine inadai rufaa, nyingine inakuruhusu kwenda mwenyewe, kwa hiyo piga simu kwa bima kabla ya miadi.

Ukisafiri nyumbani, chukua sindano mbili za adrenalini kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, angalia tarehe ya kuisha, na usitegemee kuzipata duka la dawa huko. Zisiachwe kwenye gari juani. Zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25. Kabla hujapumzika, waonyeshe wenyeji wako wawili jinsi ya kuzitumia, mmoja wao awe yule anayepika.