Somo: Kupanga kizimba kwenye mnada wa wikendi, hatua kwa hatua

Biashara nyingi za wikendi hufia kwenye kodi. Mtu anaambiwa kizimba, yaani sehemu ya kuuzia sokoni, ni laki moja na ishirini kwa mwezi, analinganisha na fremu (chumba cha duka) ya mjini ya laki mbili na nusu, anaona amepata bahati, anatoa hela ya miezi sita. Lakini ile fremu inafunguliwa siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo kila siku inamgharimu kama shilingi 9,600. Kizimba cha mnada wa Jumamosi, yaani soko la wazi la siku moja kwa wiki, kinafunguliwa mara nne kwa mwezi, na kila Jumamosi ni 30,000. Kizimba ndicho ghali. Nauza mitumba ya watoto kwenye minada ya huku Dodoma, na hesabu hii ndiyo ya kwanza ninayomwonyesha kila anayetaka kuanza. Bei nilizotaja ni za mfano, weka za kwako.

HATUA YA 1: Nenda bila mzigo

Nenda wikendi mbili au tatu kama mnunuzi. Simama pale unapotaka kupanga, tangu asubuhi mpaka watu waanze kufungasha. Usihesabu wanaopita tu, angalia wanaopita wakiwa wameshika mifuko.

Kila mnada una kitu kinachoita watu. Msalato, ambao ni wa Jumamosi, wengi wanaufuata kwa ajili ya nyama choma. Mteja akishaagiza mbuzi wake ana muda mrefu wa kusubiri, na hapo ndipo anapozunguka kutazama nguo na viatu. Ukikaa kwenye njia ya huo mzunguko unauza. Ukipangiwa mwisho kabisa upande wa mifugo, hata kodi ikiwa nusu, wateja wa nguo utawaona kwa mbali.

Halafu tazama upepo, jua na maji. Huku kwetu vumbi halina huruma: fulana nyeupe ya mtoto mchanga ikitundikwa asubuhi upande wa upepo, ikifika saa nane mchana imekuwa rangi ya udongo, na mama anayejua kununua haigusi. Jua la alasiri likiingia moja kwa moja, nguo za rangi zinapauka. Kuhusu maji, usimuulize mwenye kizimba. Inama utazame miguu ya meza. Kama kuna mstari wa tope lililokauka, hapo ndipo maji yanapofika msimu wa mvua, ambao Dodoma ni kuanzia kama Desemba hadi Aprili.

HATUA YA 2: Mjue mwenye mali

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, kwa hiyo someni taratibu.

Anayekuonyesha kizimba mara nyingi siye mwenye kizimba. Masoko mengi ni ya halmashauri. Mtu alipangishwa miaka mingi kwa kodi ndogo, sasa hauzi tena, anakupangishia wewe kwa mara tatu au nne ya anacholipa. Halmashauri nyingi zinakataza mpangaji kumpangishia mwingine. Siku wakifanya uhakiki, jina lililoko kwenye daftari si lako, na miezi sita uliyolipa hakuna ofisi itakayokurudishia.

Kwa hiyo nenda ofisi ya soko, au kwa afisa masoko wa halmashauri, ukiwa na namba ya kizimba. Uliza kimesajiliwa kwa jina la nani, kodi yake halisi ni kiasi gani, na kama kuna deni. Kisha mwambie anayekupangisha akuonyeshe risiti ya mwisho ya serikali yenye kumbukumbu namba ya malipo. Akianza kusema risiti iko nyumbani, ondoka.

Kwenye minada mingi hakuna kizimba cha kudumu. Unapata eneo tu, unasimika miti yako na turubai. Hapo uliza wazi kama eneo ni lako kila wiki au ni la atakayewahi. Waulize na majirani wa kushoto na kulia, maana wao ndio watakaokutetea au kukusogeza.

HATUA YA 3: Hesabu kwa siku ya kuuza

Mfano, Jumamosi moja: kodi 30,000, ushuru 1,000, kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) kwenda na kurudi 15,000, stoo na mlinzi 3,000, msaidizi na chakula 11,000. Jumla 60,000. Kama kila nguo inakuachia faida ya 1,500, lazima uuze nguo 40 ndipo uanze kupata ya kwako. Ulipokuwa unazunguka bila mzigo, uliona mtu wa bidhaa kama yako akiuza nguo 40? Jibu hilo ndilo linaloamua, tena kabla ya kuzungumza na mtu yeyote habari za kodi.

HATUA YA 4: Mkataba

Uandikwe, hata mwenye kizimba akiwa ndugu yako. Uwe na namba ya kizimba, ukubwa, siku za kuuza, nani analipa ushuru na taka, na mashahidi wa pande zote. Watu wengi husahau kipengele kimoja: soko likihamishwa au kufungwa kwa matengenezo, kodi iliyobaki inarudi ndani ya siku ngapi? Andikeni.

Mara ya kwanza usizidishe miezi mitatu. Lipa kwa benki au kwa simu, na jina linalotokea kwenye simu liwe lile lile la kwenye mkataba.

HATUA YA 5: Karatasi za serikali

TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, leseni ya biashara kutoka halmashauri au kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kama unastahili. Ushuru wa siku dai risiti ya mashine, usikubali karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Tenga pia hela ya mifuko mbadala, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

HATUA YA 6: Usilaze mzigo sokoni

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, la Karume pale Ilala likafuata Januari 2022, yote mawili usiku. Kuna watu waliondoka jioni na mtaji wote umefungiwa ndani. Panga stoo yenye ukuta wa tofali nje ya soko, na uulizie bima ya moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Niko Morogoro, dalali anasema nitoe hela ya kushikia kizimba leo kabla hakijachukuliwa. Nitoe?
Marahaba mdogo wangu. Usitoe. Hela ya kwanza inatoka baada ya kufika ofisi ya soko na kuonana na mwenyewe. Udalali ulipwe siku ya kusaini mkataba.

Mama anayeondoka anataka kilemba (hela ya kuniachia kizimba) cha laki nane, halafu kodi iko pale pale.
Gawanya kwa Jumamosi 52: ni kama 15,400 juu ya kodi kila wiki kwa mwaka mzima wa kwanza. Kama kizimba ni cha halmashauri, kilemba hakikupi haki yoyote mpaka ofisi ibadilishe jina. Mkikubaliana, lipa baada ya jina kubadilishwa.

Nina kitambulisho cha mjasiriamali kile cha 20,000 kilichotolewa 2018. Si ndiyo sina kodi ya TRA?
Kaka, kile kilitolewa kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Ni mauzo, siyo faida. Ukigawanya kwa wiki ni kama 77,000. Ukiuza nguo 40 za 5,000 Jumamosi moja ni 200,000, umeshavuka. Nenda TRA ukafanyiwe makadirio, yanalipwa kwa awamu nne kwa mwaka.

Tunaweza kuchangia kizimba wawili? Mimi viatu, mwenzangu nguo.
Inafaa sana, mteja wa nguo ananunua na viatu. Majina yenu yote mawili yaingie kwenye mkataba, na kila mmoja awe na lipa namba yake (namba ya kupokelea malipo kwa simu).

Mimi ninauza Jumamosi tu. Niongeze mnada wa Jumapili?
Ongeza kama stoo yako iko njiani, maana usafiri ndio unaomaliza faida ya siku ya pili. Anza kwa kulipa ushuru wa siku bila kusaini chochote, na uandike mauzo ya Jumapili kwenye daftari lake peke yake. Baada ya mwezi mmoja lete namba hapa tuzipige pamoja.