Kusoma nguvu na unyonge katika picha ya njozi

Kila nikifundisha uchoraji hapa Lamu, mtu huniuliza, "Mwalimu, hii ina maana gani?" kabla hata hajaitazama picha vizuri. Basi tuanze na iliyo ngumu: Celebes, aliyoichora mchoraji Mjerumani Max Ernst mwaka 1921, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Tate, London. Ifungue kwenye simu, uikuze.

Hatua ya 1: Taja vitu, maana ingoje
Shika kalamu, dakika kumi. Dude mfano wa pipa kubwa la chuma, miguu minene. Mkonga kama mpira wa maji, na mwishoni mwake kichwa chenye pembe. Mwanamke uchi asiye na kichwa, ameinua mkono uliovaa glovu. Samaki angani, hao wengi huwaruka, warudie.

Hatua ya 2: Uliza kila kitu kimetoka wapi
Hapa usiharakishe. Umbo la dude hilo Ernst alilipata kwenye picha ya ghala la udongo la kuwekea nafaka, huko Sudani. Chombo cha kulisha watu kimegeuzwa mtambo! Naye alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa mizinga, ndiyo maana mimi nikilitazama naona kifaru cha vita.

Hatua ya 3: Tafuta nguvu inategemea nini
Mwanafunzi wangu mmoja alikata shauri upesi: ndovu ni nguvu, mwanamke ni unyonge. Nikamwambia atazame tena, nani anamwita nani? Akanyamaza kitambo.

Fikiria siwa, lile baragumu kubwa la kupuliza. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, yetu ya Lamu ni ya shaba, na zote zilikuwa alama ya utawala. Lakini siwa hupulizwa kwenye tundu la ubavuni, na bila pumzi ya mtu haitoi sauti. Kwa hiyo mbele ya kila kitu kikubwa pichani, uliza: pumzi yake iko wapi? Kwangu mimi, pumzi ya dude lile imo katika ile glovu.

Hatua ya 4: Andika sentensi moja yenye "lakini"
Mfano: "Hana kichwa, lakini ndiye anayeita." Kisha weka kidole pale pichani panapothibitisha. Ukikosa pa kukiweka, ifute, urudi kwenye orodha yako ya mwanzo.