SOMO: Kubadilisha soli ya kiatu cha ngozi (soma kabla ya kuniuliza)

Wiki hii watu sita wameniuliza kwa nini soli waliyobandika wenyewe imefunguka. Shule zinafungua, kila mzazi anahangaika na viatu vyeusi, nami nimechoka kurudia jibu lile lile. Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda. Haya.

1. Bandua soli ya zamani kwa kisu butu, ukianzia kisiginoni.

2. Chora mpya kwa kufuata ya zamani, uache ziada kidogo pembeni. Ukikata mpira, lowesha kisu maji ya sabuni.

3. Piga msasa chini ya kiatu na juu ya soli mpaka gundi ya zamani iishe na ngozi iote manyoya. Pangusa vumbi.

4. Gundi. Hapa ndipo nilipoaibika. Gundi ya viatu haishiki ikiwa mbichi, hushika ikishakauka. Paka nyembamba pande zote mbili. Ngozi hunywa mpako wa kwanza, kwa hiyo ipe wa pili. Subiri dakika 10 hadi 15, siku ya mvua zaidi. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta nyuzi, bado; isipoacha kitu kidoleni, tayari. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka, nikabandika gundi ikingali inang'aa. Ule umajimaji ukafungiwa ndani, ukakosa pa kutokea. Siku ya tatu mwalimu mwenye viatu akarudi na soli moja ndani ya kavera (mfuko wa plastiki). Hakusema neno, aliiweka tu mezani. Pesa nilirudisha.

Onyo: zikigusana zimeshikana, hakuna kusogeza. Anzia mbele, shuka hadi kisigino. Na usipake gundi ndani ya chumba kilichofungwa wala karibu na sigiri. Mvuke wa gundi unalevya na unawaka.

5. Gonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni, uache hadi kesho.

6. Shona kwa msharasi (sindano nene ya fundi viatu) na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Chimba kwanza mfereji mdogo kwenye soli, uzi uzame, usisagwe na barabara.

MASWALI

Boda Malaba: Fundi, nina haraka, nikibandika nikavaa hapo hapo?
— Rudi namba 4. Kisha namba 5.

Boda Malaba: Nimeuliza tu, mzee.
— Nami nimejibu tu. Mwalimu pia alikuwa na haraka.

Mama Pacha: Viatu vya marehemu baba vimekaa kwenye boksi miaka mingi. Nimevaa mara moja, soli ikamumunyika kama keki. Nani kaviharibu?
— Hakuna, dada. Soli nyepesi za povu la PU huliwa na unyevu wa hewa hata zikiwa kabatini. Usigundishe vipande. Kwangua yote, weka soli ya mpira. Ngozi ikiwa nzima, baba ataendelea kutembea nawe. Ukifika Busia nikushonee.

Mwanafunzi Tororo: Zamani kabla ya mashine, nani aliwamba ngozi juu ya kalibu (lile umbo la mguu)?
— Swali zuri! Mikono. Kule Lynn, Marekani, fundi hodari alimaliza kama jozi 50 kwa siku. Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, akapata hataza ya mashine ya kuwamba mwaka 1883, ikafikia hata jozi 700. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1889, hajafika miaka 37. Mimi bado nawamba kwa koleo.

Boda Malaba: Na lugabire, zile ndala za tairi, tairi lolote linafaa?
— Sasa umeuliza. Tafuta tairi la nyuzi za nailoni. Lenye waya wa chuma litamaliza visu vyako na kukuchoma mguu.

Mama Pacha: Vikilowa mvua je? Mimi huvianika karibu na sigiri.
— Mama, usithubutu! Ngozi itapasuka na gundi italegea. Jaza gazeti, Bukedde za zamani, ndani, badilisha zikilowa, weka kivulini.