Kuifikisha Ibada ya Jumapili kwa Asiyeweza Kuja: Mwongozo kwa Makanisa Madogo ya Uganda

Rais Museveni alipotangaza tarehe 18 Machi 2020 kwamba mikusanyiko ya ibada isitishwe kwa siku 32, makanisa mengi ya Uganda yaliingia mtandaoni kama mtu anayekimbia mvua, asiyechagua baraza la kujikinga. Sisi wa ibada ya Kiswahili, kanisa dogo katika mtaa mmoja wa Kampala, tulikuwa na simu moja tu ya mzee wa kanisa, tuliyoiegemeza kwenye rundo la vitabu vya nyimbo. Katikati ya sala ya toba simu hiyo ikaita, matangazo yakakatika, na picha ya mwisho waliyoiona waliokuwa wakitufuatilia ilikuwa kidole gumba cha mzee kikitafuta pa kubonyeza.

Siku 32 ziligeuka miezi. Makanisa yaliruhusiwa kufunguliwa Septemba mwaka huo kwa waumini wasiozidi 70, kisha yakafungwa tena Juni 2021. Leo milango iko wazi, na wapo wanaosema kwamba ibada ya mtandaoni ilikuwa dawa ya dharura ambayo haina kazi tena. Sikubaliani nao, kwa sababu katika kila mtaa kuna watu ambao hawakuwa wakija hata kabla ya korona: askari aliye zamu katika kambi ya polisi, mlinzi anayelala mchana, mama anayemuuguza mzazi, dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba, ndugu wa waumini wetu walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kanisa linalotaka kuwafikia hao, likiwa na fedha kidogo na vijana wawili watatu wenye moyo.

Anza na daftari kabla ya kamera

Makanisa mengi huanza kwa kuulizana kuhusu kamera, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa: nani hayupo, na kwa nini? Kabla ya kutumia shilingi moja, wapeni mashemasi na viongozi wa akina mama wiki mbili wazunguke na daftari, wakiuliza mambo matatu kwa kila asiyefika: ana simu ya aina gani, anaweza kumudu data kiasi gani kwa wiki, na ni saa ngapi huwa ametulia. Majibu yatawashangaza. Sisi tulitambua kwamba wengi wa tuliowalenga wasingeweza kutazama video ya saa moja na nusu hata kama tungeipiga kwa kamera za sinema.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Video inayorushwa kwa kasi ya megabiti moja na nusu kwa sekunde, ambayo ni picha ya wastani tu, hula takriban gigabaiti moja kwa dakika 90, na anayeitazama kwa ubora huohuo hutumia kiasi hichohicho. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hula megabaiti zisizofika 30 kwa saa nzima. Mahubiri ya dakika 20 yaliyorekodiwa kwa kilobiti 32 hayafiki megabaiti tano. Katika nchi ambayo mwaka 2018 ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 ikahamishia kodi kwenye data yenyewe kwa asilimia 12, muumini anajua vizuri thamani ya kila megabaiti. Ukimtumia video ndefu umemtoza sadaka kabla kapu halijapitishwa.

Kwa hiyo pangeni ngazi tatu. Mwenye simu nzuri na data ya kutosha afuate ibada mubashara kwenye YouTube. Mwenye WhatsApp na data kidogo apate somo, mahubiri na maombi kama faili tatu fupi za sauti, zikiwa zimetenganishwa ili achague. Mwenye katochi, ile simu ndogo ya batani, asiachwe nje: simu nyingi za batani zina nafasi ya memori kadi, na redio ndogo za mkononi hupokea flashi, hivyo kijana mmoja anaweza kunakili mahubiri ya mwezi mzima na kuyafikisha nyumbani mwa mgonjwa siku ya kumtembelea. Ngazi hii ya tatu haina fahari yoyote, wala haitaonekana katika idadi ya watazamaji. Kwetu ndiyo iliyozaa matunda mengi kuliko zote.

Sauti ndiyo ibada

Msikilizaji huvumilia picha mbovu, lakini sauti mbovu humwondoa ndani ya dakika mbili. Kosa la kawaida ni kuweka simu mwishoni mwa ukumbi na kuiacha ichukue sauti hewani. Itachukua mwangwi wa kuta, watoto wanaolia, na feni. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kama inavyofanya kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, haitachukua kingine chochote.

Sauti itolewe moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti za vipaza sauti na ala. Hapa kuna mtego unaowapata karibu wote. Sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu nyingi, ilhali tundu la simu limeundwa kupokea sauti hafifu ya maikrofoni ndogo ya masikioni. Ukiunganisha waya hivihivi, mahubiri yatafika yakikwaruza kama redio iliyopasuka spika, hata kama mikisa yenyewe haionyeshi taa nyekundu. Tumieni kadi ndogo ya sauti ya USB, iliyoundwa kupokea sauti yenye nguvu kama hiyo, kati ya mikisa na simu, au angalau tumieni njia ya pembeni ya mikisa, ile ambayo mafundi huiita aksi, na kuishusha karibu na sifuri kabla ya kuipandisha polepole huku mtu akisikiliza kwa vifaa vya masikioni.

Njia hiyo ya pembeni ina faida nyingine. Ukumbini ngoma husikika zenyewe bila kipaza sauti, kwa hiyo fundi huziacha chini. Akiipeleka mtandaoni sauti ileile ya ukumbi, msikilizaji wa nyumbani atasikia waimbaji wawili wakipiga kelele juu ya ukimya, bila ngoma, bila makofi, bila vigelegele. Kwenye aksi unaweza kuchanganya upya: punguza waimbaji wakuu, ongeza kinanda, kisha tundika maikrofoni moja juu ya mkutano ili sauti ya watu wanaoimba isikike. Mgonjwa aliyeko kitandani hahitaji kuisikia kwaya tu; anataka kuwasikia wenzake wakiitikia.

Kanisa lisilo na mikisa lisikate tamaa. Maikrofoni ya kubana shatini, ikiunganishwa na simu ya pili iliyo mfukoni mwa mhubiri na kurekodi pekee, hutoa sauti safi ambayo itatumwa baada ya ibada. Simu hiyo iwekwe katika hali ya ndegeni, na mhubiri akumbushwe kuitoa mfukoni kabla ya kwenda haja.

Simu, mtandao na umeme

Simu inayorusha isiwe na laini inayopokea wito. Wekeni data kwenye modemu ya Wi-Fi ya peke yake, kisha simu iwekwe katika hali ya ndegeni na kuwashwa Wi-Fi tu; namba haitaita, SMS hazitaingia, na WhatsApp ikiwa imezimwa kidole gumba cha mzee kitabaki mahali pake. Pimeni mtandao Jumapili yenyewe, saa ileile ya ibada, kwa wiki mbili mfululizo, kwa kuwa kasi ya Jumanne usiku haikwambii lolote kuhusu Jumapili saa nne asubuhi. Kinachohitajika ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma data kutoka kwenu. Kasi ya kushusha, ambayo watu hupenda kujisifu nayo, haisaidii hapa. Iwe angalau mara mbili ya ile mnayorushia, na laini ya mtandao wa kampuni nyingine iwe tayari pembeni.

YouTube huhitaji chaneli iwe na wafuasi wasiopungua 50 ndipo iruhusu kurusha mubashara kutoka kwenye simu, na mara ya kwanza idhini huweza kuchukua hadi saa 24. Fungueni chaneli mapema. Msisubiri Jumamosi kuu.

Kuhusu umeme sina maneno mengi: ukikatika, modemu na simu zinaweza kuendelea kwa betri ya akiba, lakini mikisa haiwezi, hivyo inveta ndogo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, ya kubeba mikisa peke yake ni manunuzi bora kuliko taa za jukwaani.

Nyuso za watu

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Makanisa ya Kiswahili Uganda yamejaa watu waliokimbia vita Kongo au Sudan Kusini, na baadhi yao bado wanasakwa na watu waliowakimbia. Yamejaa pia familia za askari. Uso wa mtu ukishapanda YouTube haushuki kirahisi, na jina la mtaa likitajwa na kwaya katika utambulisho wake linakamilisha anwani. Kwa hiyo kamera ielekee madhabahuni, isizunguke mabenchi. Upande mmoja wa ukumbi utangazwe kuwa hauonekani kabisa, na wageni waelezwe hivyo mlangoni kabla ya kukaa, kwa lugha wanayoielewa.

Maombi ya wagonjwa yana hatari yake. Ukumbini tumezoea kutaja, “Tumkumbuke dada yetu, amelazwa, presha na sukari,” na hakuna anayeona ubaya. Mtandaoni umemtangazia mwajiri wake na mwenye nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu imani ya dini na hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na kwa mtoto inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Zimeni sauti ya matangazo wakati wa maombi ya majina, au yasogezwe mwishoni baada ya matangazo kufungwa. Watoto wa shule ya Jumapili wapigwe picha kwa idhini iliyoandikwa tu, hata kama wanaimba vizuri kiasi gani.

Nyimbo nazo zina wenyewe. Hapa Uganda hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo tenzi nyingi za zamani ni huru, lakini pambio jipya linalopigwa redioni si huru, na YouTube inaweza kunyamazisha ibada nzima kwa sababu yake. Tena, mwaka 2020 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza wanaotangaza maudhui mtandaoni waombe idhini yake. Mwenye chaneli apige hodi huko kabla hajapigiwa hodi.

Sadaka

Namba ya kupokelea sadaka isajiliwe kwa jina la kanisa, kama namba ya malipo ya biashara ya MTN au Airtel, isiwe namba binafsi ya mchungaji hata awe mwaminifu kama Nathanaeli. Watu wawili washike ruhusa ya kutoa, na taarifa ibandikwe ukutani kila mwezi. Kila Jumapili mtangazaji aseme kwa utulivu kwamba kanisa lina namba hii moja tu, na kwamba mchungaji hamwombi mtu fedha kwa ujumbe wa siri, kwa maana matapeli huchukua picha ya mchungaji kwenye matangazo yenu wenyewe na kufungua akaunti kwa jina lake.

Mlango mmoja hautoshi

Makanisa yaliyojenga kila kitu juu ya Facebook yaliamka Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, yakakuta imefungwa nchini. Muda mfupi baadaye intaneti yote ikazimwa kwa takriban siku tano. Waliokuwa na orodha ya namba za simu za waumini kwenye karatasi waliwapigia. Waliokuwa na “wafuasi” tu walibaki na hesabu. Kwa hiyo lile daftari la mwanzo lisitupwe: linakiliwe, liwekwe kabatini chini ya ufunguo, na lisahihishwe kila robo mwaka.

Kazi ya Jumatatu

Wakati wa ibada, mtu mmoja asifanye jingine ila kuwapokea walioko mtandaoni: awasalimu kwa majina waliyochagua kuyatumia, ajibu kwa Kiswahili, Kiganda au lugha yoyote wanayoandika, na aandike namba ya aliyeomba kuombewa bila kuuliza maelezo hadharani. Ni huduma ya ushemasi, kwa hiyo msimpe fundi wa kamera ambaye tayari ana shughuli. Meza ya Bwana, ubatizo na mengineyo ya liturujia yaulizwe kwa askofu au uongozi wa dhehebu lenu, kwa kuwa kila dhehebu lina msimamo wake.

Jumatatu jioni mtu huyo akae na wenzake wawili na kupiga simu kumi, si ujumbe, simu. Waulize mambo mawili tu: ulisikia hadi wapi, na tukutembelee lini? Katika simu hizo mlinzi mmoja wa ghala alituambia kwamba kila Jumapili alisikia somo la kwanza na la pili, kisha lindo la mchana likaanza na mahubiri yakampita, miezi minne mfululizo. Tangu hapo faili ya mahubiri hutumwa saa mbili usiku, na saa tatu kasoro robo huwa ameshaandika “Amina” yake.